Mlango Umeandikwa PULL

Kitengela
14 Februari 1999

Mpendwa Nduta,

Kuna kitu sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Hooyo, mama yangu, ambaye huwa namwambia mpaka ndoto. Mwaka jana, mbele ya darasa zima, nilimwita baba yangu nguruwe.

Usiweke barua chini, nitaeleza. Tulikuwa Form One, nyinyi mlikuwa mmeshahamia Kimana. Mwalimu Wanjala wa Kiingereza alitupa insha inayoitwa "My Father", akanichagua mimi nisome yangu. Nilikuwa nimeiandika vizuri: My father is a big man and people respect him. Taabu yangu unaijua. Kisomali hakina P. Aabo, baba yangu, akitaka kusema paper anasema baber, na sisi watoto P tumeipatia shuleni tu, kama yunifomu: unaivaa asubuhi, jioni unaivua. Siku hiyo niliiona ile people inakuja mbele yangu, nikaogopa nitasema beoble. Nikaishika P mdomoni kwa nguvu, naitunza. Ikaponyoka mapema. Nilisema, "My father is a pig man."

Nduta, walicheka mpaka dawati likaanguka. Msichana Mwislamu, kitambaa kichwani, anamwita babake nguruwe kwa Kiingereza. Wavulana wa nyuma walianza kukoroma kama nguruwe kila nikipita. Sikulia. Nilifunga mdomo, na tangu hapo sijaufungua darasani. Nikiitwa nasimama, natazama sakafu, mwalimu akichoka ananiambia kaa.

Sasa imefika nyumbani. Mwalimu Wanjala alikutana na Aabo mnadani, pale anaponunulia mbuzi, akamwambia msichana wako hasemi. Hakuwa na ubaya. Aabo alirudi akaniuliza ni nani amenifunga mdomo. Ningemwambia nini? Nikanyamaza na kwake pia. Akasema kama siku ya kufunga muhula wa pili mwalimu atamwambia maneno hayo hayo, nitahamia Garissa kwa shangazi Fadumo, labda huko kwa watu wetu nitaongea. Anafikiri ananisaidia. Garissa mimi naijua kwa picha za harusi tu. Kwetu ni hapa.

Kila Ijumaa Mwalimu Wanjala anamaliza somo na joke. Darasa linacheka. Mimi natazama mabega ya aliye mbele yangu, yakitikisika natabasamu. Sielewi hata moja. Wewe ulikuwa unamchekesha mpaka headmaster. Nifundishe. Nafikiri mtu akielewa watu wanachekea nini, hatawaogopa sana.

Bata wako,
Hibaq


Kimana
2 Machi 1999

Bata wangu,

Pole. Na usikasirike, nilicheka. Nilikuwa nasoma barua kando ya mtaro wa maji, mathe, mama yangu, akauliza ni nini, nikamwambia ni kikohozi.

Sisi tuko poa. Vitunguu vimeshika. Ukinusa hii karatasi utalia, na si huzuni, ni mikono yangu tu.

Hiyo ya pig usitembee nayo mgongoni kama gunia. Si ni wewe ulikuwa unaniambia "nimebata penseli yako" mpaka nikakuita Bata? Na mimi nikisema twende kura, badala ya kula, si ulinigeuza Kura, ukasema naenda kupiga kura kwa sahani? Tulikuwa tunakula tu na kuendelea na maisha. Hao watoto wa Form One walikuwa wanajifanya wamezaliwa London.

Sasa, masomo. Joke ya kwanza, nimeitunga mwenyewe nikingoja unga wetu usagwe:

Why did the bee come out of the posho mill all white? Because somebody told him the place was full of flour.

Hapa darasani walianguka. Ukishaielewa hiyo nitakutumia nyingine.

Kura wako,
Nduta


Kitengela
20 Machi 1999

Nduta,

Nimepata barua. Asante kwa kichekesho cha nyuki. Nimecheka sana.

Sisi tuko salama. Mvua haijafika. Wasalimie nyumbani.

Hibaq


Kimana
5 Aprili 1999

Bata,

"Nimecheka sana." Hivyo ndivyo mtu husema akipewa chai baridi kwa watu. Na hukuandika Bata wako. Nimekaa na hiyo barua nikijiuliza kama umekasirika au hukuelewa, na nimeona ni yote mawili.

Basi nisamehe. Nilicheka haraka, nikasahau kwamba pale mbele ulikuwa umesimama peke yako. Ili tulingane, nakupa ya kwangu, na hii hakuna anayeijua hapa wala huko.

Mwaka jana mwalimu wa hesabu alimwita mathe shuleni. Akamwambia kwa Kiingereza, "Your daughter's answers are all wrong." Mathe akasikia long. Sisi Wakikuyu, L na R ni mtu mmoja aliyebadilisha kofia. Akainamisha kichwa kwa heshima, akasema, "It is true, mwalimu. Even at home I tell her to be short." Walimu wote walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Mathe naye akacheka, alidhani wamefurahi kumwona. Mimi nilikuwa mlangoni, nikaenda kujificha chooni. Tangu hapo sikusema library tena, nasema ile nyumba ya vitabu. Mathe mpaka leo hajui.

Sasa mambo ya nyuki. Kosa ni langu. Hiyo si joke ya macho, haikufaa kwenda kwa posta. Tafuta mahali pasipo watu, uisome kwa mdomo, kwa sauti, polepole. Usinijibu mpaka umefanya hivyo.

Kura wako, kama bado unamtaka,
Nduta


Kitengela
25 Aprili 1999

Kura wangu,

Nimechelewa kwa sababu nyumba yetu haina mahali pa kusema peke yako. Ukinong'ona sebuleni, jikoni wanakujibu. Mwishowe nilienda kwa zizi nyuma ya nyumba. Aabo alikuwa ameleta ng'ombe kutoka Kisaju, wamesimama wanatafuna, hawana haja na mtu. Nikafungua barua yako nikasoma.

Mara ya kwanza, hakuna kitu. Nyuki, posho mill, unga. Nikasema labda vichekesho vimeumbiwa watu fulani. Mara ya pili ng'ombe mmoja aliinua kichwa. Mara ya tatu nilifunga macho, na ile flour ilipotoka mdomoni, badala ya unga nikaona ua. Ua, Nduta, ndani ya posho mill. Maskini nyuki aliambiwa kuna flower.

Ukweli ni kwamba sikucheka. Nilisisimkwa mwili mzima, nikashika ukuta wa zizi. Neno lilikuwa pale kwenye karatasi wakati wote, limevaa herufi zake, na nyuma yake limesimama jingine kimya linangoja mtu afungue mdomo. Macho hayawezi kuliona. Nikalisema tena nikasikia unga, nikalisema tena nikasikia ua, unga, ua, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa. Sijui nilisimama pale muda gani. Parsaoti, yule dalali anayemtafutia Aabo ng'ombe, alikuwa amekuja kuangalia maji, kumbe ananisikiliza langoni. "Sopa, Hibaq," akanisalimu kwa Kimaasai. "Siku hizi unaongea na ng'ombe kwa Kizungu?" Hapo ndipo nilipocheka.

Tangu siku hiyo situlii. Hooyo akisema lete kaa, naleta la moto. Mwalimu akisema kaa, naketi. Na hakuna siku hata moja nimeketi kwenye jiko. Ni nani alinifundisha? Paa liko juu ya nyumba yetu, na paa anakimbia kule upande wa mbuga, na ndege inapaa, na sijawahi kuogopa kwamba nyumba itakimbia. Nimeishi na haya maneno kama mtu aliyeishi na mapacha miaka yote akidhani ni mtoto mmoja ambaye ana mbio.

Halafu nikafika kwetu, na hapa ndipo nataka usome polepole. Mzungu ana flour na flower. Sawa. Lakini pig na big kwake ni watu wawili ambao hata hawafanani. Wrong na long pia. Mama yako na Aabo wanasikia mapacha ambao mwenye lugha mwenyewe hawezi kuwasikia. Ndani ya Kiingereza kuna vichekesho ambavyo Mwingereza hawezi kuvifikia hata akisoma mpaka azeeke, na sisi tumekaa juu yavyo tunaona aibu. Mimi na wewe tumeitana Bata na Kura tangu darasa la nne tukidhani ni utoto. Kitu kile kile kilichonifunga mdomo, kwako kilikuwa jina la kunipendea. Nimelifikiria hilo mpaka maharagwe ya Hooyo yakaungua, na nimechapwa maneno, na bado nalifikiria.

Bata wako,
Hibaq


Kitengela
20 Juni 1999

Kura,

Asante kwa zile joke za mwisho, ya week na weak niliielewa nikiwa kwa zizi tu, ya pili nikaielewa jikoni, bila kutoa sauti. Lakini leo nina shida, nijibu haraka.

Wiki iliyopita Aabo alinipeleka Nairobi nimsomee karatasi za benki. Mlango ni wa kioo, umeandikwa PULL. Yeye akasukuma. Haukufunguka. Akasukuma na bega. Nikamwambia polepole, Aabo, imeandikwa pull. Akarudi nyuma akautazama juu mpaka chini.

"Bull?" akasema. "Kwani ng'ombe nao wanaingia benki?"

Hakuwa anatania, Nduta. Alikuwa anauliza. Nilicheka, mkono mdomoni, machozi yakatoka, watu wakatupita. Alinitazama muda mrefu. Hakuuliza nacheka nini. Nafikiri alikuwa anasikiliza tu, kwa sababu hiyo sauti alikuwa hajaisikia tangu niingie Form One.

Njiani kurudi nilikuwa nimeshaitunga yote. Mwenye mbuzi anakuja benki, anasoma mlango, anasema huu ni mlango wa bull, mimi nina mbuzi, nionyeshwe wa kwetu. Jumatano Mwalimu Wanjala akauliza ni nani atasema joke siku ya kufunga, mbele ya wazazi. Nikainua mkono. Mwalimu alitazama nyuma yangu kuona kama kuna mtu mwingine. Kisha akaandika jina langu, akavunja chaki.

Sasa naogopa. Aabo atakuwepo. Nikinyamaza, ni Garissa. Nikisema, nitakuwa nimesimama mbele ya watu mara ya pili nikiwachekesha kwa baba yangu. Ile ya kwanza hakuisikia. Hii ataisikia akiwa ameketi pale pale, na watu pande zote mbili. Afadhali nihame, au afadhali nimuaibishe?

Bata


Kimana
1 Julai 1999

Bata,

Barua yako niliisoma kwa lori la nyanya, nikairudia, kisha nikafanya kitu ambacho sikukipanga. Nilienda kwa mathe nikamwambia yale ya wrong na long. Yote, mpaka choo nilichojificha.

Alinikazia macho. Nikaona nimeharibu. Halafu akaanza kucheka kutoka tumboni, akakalia kreti ya nyanya, nyanya zikapasuka, hakujali. Alipomaliza akafuta macho na leso, akaniambia, "Nduta, mlicheka mkaniacha nje mwaka mzima?"

Hakuuliza kwa nini tulicheka, Hibaq. Aliuliza kwa nini hakuitwa. Tangu siku hiyo kila mteja akija kununua kitunguu anasimuliwa. Anajicheka yeye mwenyewe na bei hapunguzi.

Kwa hivyo usimwache Aabo nje. Lakini joke yako ina kasoro moja, haina mwisho. Mzee amebaki amesimama kama amekosea. Usimwache hapo. Askari wa benki amfungulie.

Sitakuwa pale, mvua au jua tunavuna wiki hiyo. Saa ya sherehe nitakuwa kwa mtaro. Nitasema pull mpaka vyura wakimbie.

Kura wako,
Nduta


Kitengela
30 Julai 1999, Ijumaa, baada ya Alasiri

Kura wangu,

Nimesema.

Viti vilipangwa uwanjani. Aabo alikaa mstari wa pili, fimbo kwenye magoti, kando ya mama yake Maina, jirani yetu. Niliposimama wale wavulana wa nyuma walikoroma kidogo, kwa mazoea tu. P na B zikazunguka mdomoni zikitafuta viti, kila moja inakalia cha mwenzake, na nikajua yanarudi yale yale. Na nikiwa nimesimama hapo hapo, Nduta, nikaona kitu ambacho hata wewe hukukiona. Hiki ni kichekesho pekee duniani ambacho mimi siwezi kukikosea. Ikitoka pull, ni sawa. Ikitoka bull, ni sawa. Nikaziachilia zitoke zitakavyo.

Nikawaambia kwa Kiingereza kwamba mfanyabiashara wa mbuzi alienda kwa benki, a big bank, Nairobi. Hiyo big sijui ilitokaje, hakuna aliyeinua kichwa. Nikasema mlangoni alikuta neno moja, akalisoma, akasimama. Akasimama mpaka watu nyuma yake wakafika barabarani. Askari akamwuliza, mzee, mbona huingii? Hapo nikabadilisha sauti. Sikuwa nimepanga, ilitoka yenyewe, nzito, ya Aabo:

"My friend, I can read. This door is for the bull. Me, I have only goats. Show me our door."

Palikuwa na kimya, na katika kile kimya niliiona Garissa yote, mpaka kitanda cha kwa Fadumo. Halafu mama mmoja wa Kisomali kule nyuma, ambaye simjui, akapiga kelele ya kicheko kama amechomwa na sindano. Mwalimu Wanjala akashika meza. Kicheko kikaja kwa mawimbi, wazazi waliokuwa wameelewa wakawaelezea ambao hawakuelewa, na kikaanza upya upande ule. Waarusha wanaouza dawa za miti waliokuwa wanapita nje ya ua wa shule wakasimama kuuliza kuna nini. Nikainua mkono kama mwalimu. Nikasema, haijaisha. Wakanyamaza, Nduta. Mimi niliinua mkono na watu wazima wakanyamaza. Nikasema, so the askari, who had never opened that door for anybody, opened it with his own hand.

Walipiga makofi. Wale wavulana pia, nadhani walisahau.

Aabo hakucheka. Alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama mvua upande wa mlima, haamini kama itafika.

Tulitembea kurudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma kidogo. Mama Maina alikuwa amemwambia, kwa wema wake, kwamba amefurahi nimepona yale watoto walinifanyia. Kwa hivyo Aabo alijua kuna kitu. Tulipofika pale malori yanapopaki kando ya barabara ya Namanga, akasema bila kugeuka:

"Mwaka jana walikucheka nini?"

Nikamjibu kwa Kiswahili. Kwa Kisomali neno lile halingetoka mbele yake. "Nilisema baba yangu ni nguruwe."

Akasimama. Lori likapita, vumbi likatufunika, likaisha, na bado alikuwa amesimama.

"Na ulitaka kusema nini?"

"Big. Nilitaka kusema wewe ni mtu mkubwa. Na kwamba watu wanakuheshimu."

Alipangusa vumbi usoni, polepole, akachukua muda na macho kuliko mahali pengine. Kisha akasema, "Mwaka mzima, Hibaq. Umefunga mdomo kwa sababu ya neno zuri."

Aliniacha nyumbani akaenda msikitini. Ya Garissa hakusema, na mimi sikuthubutu kuuliza, nikaketi hapa nikuandikie ili mikono iwe na kazi.

Sasa amerudi. Niko chumbani, dirisha liko wazi, nawasikia kwa zizi. Anamsimulia Parsaoti. Ameibadilisha, anasema ni yeye mwenyewe aliyekuwa pale mlangoni, na askari alimpigia saluti. Parsaoti anamwuliza hao ng'ombe wa Nairobi wanaweka benki pesa ngapi. Aabo anacheka. Nduta, sikuwa najua kwamba anacheka hivyo, kwa kuvuta pumzi ndani, kama mtu anayekunywa chai ya moto. Miaka yote hii nimeishi na huyu mtu. Anamwambia Parsaoti, "Na hiyo ni yetu. Mzungu hana."

Ameingia. Anaongea na Hooyo hapo koridoni. Anasema kesho atampigia Fadumo simu yeye mwenyewe, amwambie asitandike kile kitanda, msichana ana kazi huku. Hooyo anauliza kazi gani.

Nimeshika kalamu na mkono wote. Siwezi kuandika vizuri, samahani.

Hatua zake zinakuja huku. Anajaribu maneno njiani, chini ya pumzi, pull, bull, pull, bull, na nikisikiliza kwa makini, mimi mwenye masikio mapya, siwezi kujua ni lipi ni lipi. Hii karatasi imejaa yeye kila mstari. Naificha chini ya godoro, ameshika kitasa